Aliyeitunza Giaboksi

Jumamosi, Agosti 1958

Nimelisema, hatimaye. Daktari anasema moyo wangu umechoka, na sikutaka kuzikwa na sifa isiyo yangu.

Saidi, mwenye malori kule Maua, alikuja leo kulitazama gari langu. Mita ya maili imejaa na kurudi sufuri mara ya pili, na giaboksi ni ile ile ya tangu kiwandani.

"Mwalimu, mkono wako una baraka," akasema. "Hata uliporudi kutoka kizuizini, baada ya miaka miwili, liliwaka mara moja!"

Siku zote mimi hutabasamu tu. Leo nilimwelekeza Saidi kwa mke wangu, aliyekuwa akimimina chai. "Si mimi, ni Mama Mwenda. Kila wiki alizungusha hendeli ya kuwashia injini, akakanyaga klachi isigande, na giaboksi akaitia oili. Mimi niliwaacha watu waamini kwamba nililiacha vizuri."

"Uliliacha na panya kitini," mke wangu akasema.

Saidi alicheka, kisha akageuza kiti kumwelekea. "Mama, oili uliipata wapi siku zile za kafyu?"

Alimweleza hadi chai ikapoa. Mimi hakuna aliyeniuliza tena lolote. Nilikaa pale nikimwonea mke wangu fahari kama bwana harusi.