Chokaa Isiyochemka

Likasi, tarehe 12 mwezi wa tano

Yaya Clovis, kaka yangu mukubwa,

Jambo yako huko Lubumbashi. Siye tuko muzuri. Mama aliacha kukohoa, na binti yangu Marlène alifaulu mitihani. Ninakuandikia kwa sababu nikipiga simu unakata.

Samy, yule muntu uliyenipatia wa kuniuzia chokaa ya Kakontwe, alileta lori juzi. Unajua usine, kile kiwanda ninachokipelekea, inataka chokaa kali, ile inayochemka ukiitilia maji. Samy mwenyewe alinifungulia gunia la juu. Lilichemka muzuri. Nikamwambia, "Shusha lile la chini."

"Mama Angèle, huniamini? Yote ni moja."

"Kama yote ni moja, shusha."

Nikalifungua, nikamwaga maji. Kimya. Nikafungua mengine mawili, vilevile: udongo mweupe tu. Nilikataa kutia sahihi, nikamwambia arudishe lori lake. Hakubisha. Alicheka kidogo, akasema, "Kwani yaya yako hakukuambia? Ni yeye alitupangia magunia hivyo, mazuri juu."

Labda anakusingizia. Ninatamani iwe hivyo. Lakini weye ndiye uliniambia mara tatu nisipime mzigo mbele ya Samy, eti ni kumupatisha haya. Tangu lini unaogopa haya ya muntu mwingine?

Kama ni uongo, kuja Jumapili, siku ya Mungu, unijibu uso kwa uso. Kama ni kweli, usikuje. Mama nitamwambia uko na kazi mingi.

Mudogo yako,
Angèle