Niliandika Tu Kwamba Binti Yangu Ametulia

Mshauri, naomba msaada, na salamu nitakutumia siku nikipoa, maana hapa naandika kwa hasira. Mimi ni fundi wa majokofu, baba wa watoto watatu, na nimetolewa kwenye grupu la familia nililolianzisha mwenyewe, nikatolewa na mke wangu wa ndoa tukiwa tumekaa meza moja, yeye upande ule anabonyeza simu, mimi upande huu nakunywa chai, mara simu yangu ikalia ikanijulisha kwamba nimeondolewa. Uadmini wenyewe nilimpa mimi, nilipobadilisha simu.

Ngoja nieleze, maana mtu akisikia juu juu atadhani nimefanya jambo la aibu. Ndugu zangu wametawanyika, tulikuwa tunakutana misibani tu, unamkuta mpwa wako ana ndevu wewe huna hata habari kama alimaliza shule, ndipo nikaona hapana, nikaanzisha taarifa. Kila Jumapili baada ya chakula naandika kwa kidole kimoja mpaka kinakufa ganzi. Kwanza inakuja Habari za Nyumbani, hapo utajua nani anaumwa jino na nani kapaka nyumba rangi, halafu Kona ya Njiwa, maana nafuga njiwa na kuna ndugu wanawafuatilia mmoja mmoja, na mwisho Mhariri Anasema, hapo nagusa mambo ya dunia kidogo, bei ya mafuta ya kula, wabunge wanaosinzia, marefa, vita vya watu wa mbali, sina chama, nasema ninachokiona. Watu wanaipenda. Binamu yangu ananiita Mhariri mpaka leo, na hata kaka wa mke wangu, mtu asiyependa chochote chini ya jua, huwa anatuma kidole gumba.

Sasa binti yangu mkubwa, mshonaji wa mapazia, ameposwa. Kijana ni fundi umeme, mtu wa watu, sina neno naye. Nami kwa furaha zangu nikawaingiza wazazi wake kwenye grupu, wote wawili, pamoja na shangazi yake, nikijua tunakuwa kitu kimoja, kwa nini wapitwe na habari. Jumapili yao ya kwanza nikaandika, nanukuu: “Maandalizi ya binti yetu mkubwa yanaendelea vizuri, siku hizi ametulia, tunamshukuru Mungu.” Basi. Nikahamia kwa njiwa jike aliyekuwa amepotea akarudi na dume tusilolijua.

Haikupita muda mama wa kijana akaandika, “Asante kwa habari, baba. Ila umesema siku hizi ametulia, kwani kabla ya hapo alikuwaje?”

Mshauri, wewe ni mtu wa lugha, niambie ametulia ina ubaya gani. Bahari hutulia, mtoto hutulia, hata tumbo hutulia. Lakini watu wana akili chafu, shangazi wa kijana alishatuma kile kikatuni cha macho yanayotazama pembeni, nikaona hapa binti yangu anageuzwa mhuni mbele ya macho yangu, na heshima ya binti yangu ni heshima yangu, tena mhariri hawezi kukaa akitazama neno lake linapotoshwa, nikatoa Ufafanuzi palepale. Nikaandika kwamba binti yangu hajawahi kuwa mhuni hata siku moja, isipokuwa mwaka juzi alipopunguzwa kazini alishikwa na sonona, akawa hali, haogi, hasemi na mtu, tukampeleka hospitali, akalazwa wodi ya wagonjwa wa akili, akapewa dawa, akapona, na hiyo ndiyo maana ya ametulia. Nikaweka na jina la dawa wasije wakadhani natunga.

Niliona nimemsafisha. Grupu likanyamaza, nikadhani wameridhika.

Kumbe binti alikuwa ameshasoma. Alikuja akakusanya nguo zake na cherehani, anahamia kwa mama yake mdogo, nikamfuata mpaka mlangoni nikamwambia mwanangu, mimi nimekutetea, akanitazama akasema, “Baba, habari ile ilikuwa yangu.” Hilo tu, akaondoka. Nimelitafakari sana na bado silielewi, kwa sababu aliyeulizwa swali ni mimi, na swali liko palepale lina alama ya kuuliza.

Mke wangu ndiyo kabisa. Anasema, “Umemwanika mwanangu,” mwanangu mwanangu, kana kwamba mimi nilimwokota njiani. Nikimweleza habari ya neno kutulia anawasha redio. Kijana naye alikuja kwenye karakana yangu, akasimama katikati ya majokofu, akaniambia kwa adabu kwamba yeye alijua siku nyingi, binti alimwambia mwenyewe kabla ya posa, na walikuwa wamepanga kwenda kuwaambia wazazi wake pamoja, taratibu, kwa maneno yao. Nikamjibu, “Basi kama ulikuwa unajua kelele za nini, si nimewarahisishia kazi?” Akaaga. Sasa mama yake anauliza kama ugonjwa huo unarithiwa, anataka harusi isimame kwanza, na binti yangu ametuma ujumbe kwa mama yake kwamba harusi ikiwepo atakayeingia naye ukumbini ni mjomba wake. Yuleyule wa kidole gumba.

Hapo ndipo ninapoumia, Mshauri. Mjomba alikuwa wapi? Binti alipoumwa alikuwa anapanda kila asubuhi kwenye banda la njiwa, anakaa juu ya ndoo niliyoipindua, hasemi, na mimi sikumuuliza kitu, namwekea punje za mahindi kiganjani, njiwa wanakuja wanadonoa mkononi mwake, tunakaa hivyo mpaka jua linakuwa kali. Na taarifa ilitoka kama kawaida, kwenye Habari za Nyumbani naandika wote wazima, hata ndugu zangu wa tumbo moja hawakujua. Leo mimi ndiye adui.

Ombi langu ni dogo. Nishauri nimfanye nini mke wangu anirudishe kwenye grupu kabla ya Jumapili, maana nimeshaandaa Tamko refu, linaeleza maana halisi ya neno kutulia na historia yote ya ugonjwa tangu mwanzo, ili pasiwe na maswali tena. Na barua hii itoe kama ilivyo, na majina yetu kamili niliyokuwekea hapo chini, watu wapime wenyewe nani mkosaji.

Wako, Mhariri bila grupu.

MSHAURI ANAJIBU

Baba, kazi ya kwanza niliyoifanya na barua yako ni kufuta. Nimefuta majina, nimefuta mtaa, nimefuta hospitali, nimefuta na ile dawa, kwa sababu ulikuwa umeirudia humu herufi kwa herufi. Mengine nimeyabadilisha: binti yako si mshonaji wa mapazia, alichougua sicho kilichochapishwa hapo juu, na ndege wako si njiwa. Najua hilo la ndege ndilo litakalokuuma zaidi, utanisamehe. Neno moja tu nimeliacha, ametulia, kwa kuwa ndilo lililokufikisha hapa.

Nilipomaliza kufuta nilikuwa nimekasirika kuliko wewe. Umemwanika mtoto mbele ya wakwe zake watarajiwa, na suluhisho ulilolipata ni kumwanika tena mbele ya kila mwenye kununua gazeti. Halafu unashangaa mkeo anawasha redio.

Sikufichi, taarifa yako ningeisoma. Baba anayekaa chini Jumapili kuwakumbusha ndugu kwamba mwenzao anaumwa jino ana moyo, na wengi wetu hatufanyi hata hilo. Hapo nakupa haki yako. Haki yako inaishia hapohapo.

Umeniuliza kama mtu wa lugha, basi sikiliza. Bahari hutulia, kweli, na kila anayeambiwa bahari imetulia anajua kwamba ilichafuka. Neno hilo linatembea na jana yake. Ukisema binti siku hizi ametulia, umeshawafungulia watu mlango wa kuuliza, tena ukaongezea na habari ya jike aliyepotea akarudi na dume lisilojulikana. Mimi mwenyewe nilicheka, Mungu anisamehe. Lakini huo ulikuwa mteleziko wa kalamu, kila mwandishi unampata. Mama wa kijana alipouliza alikuwaje, ungejibu kwamba alikuwa anatuzungusha na rangi ya sare za harusi, watu wangecheka na mchana ungeisha salama. Wewe ukaona neno lako limeguswa. Siku ile ulitetea sentensi yako, na ukamtumia binti yako kuitetea.

Unasema aliyeulizwa swali ni wewe. Uliulizwa wewe, ndiyo, kuhusu mwili wa mtu mwingine, mtu mzima, mwenye mdomo, ambaye yumo kwenye grupu hilohilo. Alikwambia kwa maneno manne na bado unasema huelewi. Alikuwa na jambo zito, alishalibeba peke yake, akampata mtu wa kumwambia, huyo mtu akabaki, na wawili hao wakapanga siku yao ya kulitoa. Ukalichukua ukalitoa katikati ya jino la fulani na njiwa wako. Kisha kijana wa watu amekuja kwa adabu kukuonyesha ulipokosea, unamwambia umemrahisishia kazi. Hapo, baba, nilitamani niwe kwenye karakana hiyo nikufungie ndani ya jokofu mojawapo, upoe.

Na wewe mama wa kijana, kama gazeti hili linakufikia, nina lako. Mtu aliyeugua akakubali kutibiwa na akasimama tena hana deni la maelezo kwako. Ungekuwa wewe una vidonda vya tumbo, nani angesimamisha harusi ya mwanao aulize kama vinarithiwa? Lenye kuhitaji daktari litajibiwa na daktari, chumbani, kwa wenye ndoa yao. Wewe na wifi yako na macho yenu ya pembeni mwacheni binti wa watu aolewe.

Turudi kwako. Tamko lile lifute. Lifute sasa hivi kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, usiseme unalihifadhi tu. Kwenye grupu usiombe kurudishwa. Mkeo alifanya haraka na alifanya vizuri, mwambie hivyo, na umwambie kwamba ni mwanenu, uache kuhesabu nani kasema mwanangu. Kijana mtafute umwombe radhi bila kumweleza maana ya neno lolote.

Kisha nenda kwa mama mdogo wa binti. Nenda mwenyewe, usimtume mtu, usitume ujumbe wa sauti, na simu iache nyumbani. Ukifika sema, “Habari ile ilikuwa yako, nami nikaichukua. Nisamehe.” Halafu funga mdomo. Najua ulimi utakuwasha, utataka kuongeza lakini, utataka kuongeza kwa sababu, utataka kumkumbusha ulivyomtetea. Usiongeze. Akikwambia ukumbini ataingia na mjomba, sema sawa mwanangu, na siku hiyo kaa utakapoelekezwa, hata kama ni kiti cha nyuma karibu na spika, upige makofi kuliko wote. Mjomba hakuwepo kwenye banda, ni kweli. Lakini mjomba kila Jumapili alituma kidole gumba akanyamaza, na leo binti anahitaji mtu wa kunyamaza.

Na kunyamaza unakujua, ndilo linalonikasirisha zaidi kwenye barua yako yote. Kuna mistari michache humu iliyonifanya niweke kalamu chini. Mtoto anaumwa, anakaa juu ya ndoo, wewe huulizi, unamwekea punje kiganjani, mnakaa mpaka jua linakuwa kali, na Jumapili unawaandikia ndugu wote wazima. Haikuwa kweli hata kidogo, na ndiyo taarifa bora uliyowahi kuitoa. Binti yako anamfahamu yule baba. Alipohama aliacha nyumba ya Mhariri, yule wa bandani hajamkataa bado.

Kwa hiyo mpeleke huyo. Kama kuna neno la kusema, atalisema binti, kwa wakati wake. Wewe nenda na punje zako mkononi, ukae.