Mayai Matatu ya Don Eleuterio

Chayo, usijibu kwanza. Soma.

Jacinta alitaga jana asubuhi. Siku arobaini na tatu nimemsubiri yule chatu wangu, uzazi wake wa kwanza, na mwenyekiti wetu wa chama cha wafugaji nyoka, Don Eleuterio, ananiambia, "Bado sana, huyo kashiba tu." Kashiba mayai sita.

Leo kaja kuchukua nusu, maana dume ni lake na ndivyo tulivyokubaliana. Kaja huku anajirusha mubashara kwa simu yake kwa wafugaji wote wa Puebla. Huyu huyu aliyenitoa mkutanoni 2017 eti sina cheti. Mimi sisahau.

Nilishaweka alama ya penseli upande wa juu wa kila yai. Yai la chatu halipinduliwi, ukilipindua mtoto anafia humo ndani. Sasa msikie: "Binti huyu kajifunzia mtandaoni, ngoja nimwonyeshe kukagua."

Akalipindua moja. La pili. La tatu. Matatu, Chayo, na anatabasamu kwenye simu.

Nikamuuliza, "Don, alama zangu ziko wapi?"

Akatazama. Tatu zilikuwa chini. Mtu akaandika pale pale kwenye simu yake: mwenyekiti, umeua.

Akakohoa. "Basi, binti, nitabeba yale mengine."

Yale mengine. Nikasimama mbele ya sanduku la mayai. "Hapana, Don. Uliyoyashika ndiyo fungu lako. Chama kizima kimekuona ukichagua."

Kayabeba. Mpaka anafika mlangoni alikuwa hajakumbuka kuzima simu.