Mkono Uleule Kwenye Matope

Nakawa, Kampala
14 Machi 1996

Kwa binti yangu Alal,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti la miaka ya doria linanisumbua mvua ikija. Wewe je, baridi ya Uingereza imekuachia vidole?

Jirani yangu Wamalwa, yule Mkenya anayeuza mitumba sokoni, aliniuliza unafanya kazi gani. Nikamwambia binti yangu na digrii zake amevuka bahari kwenda kupima matope. Akasema, "Mzee Ojera, si angeshuka hapa bondeni Katwe tu, matope yapo bure." Nilicheka, halafu nikaingia ndani nikaona sina wa kucheka naye. Tangu mama yako atutoke, nyumba hii ina sauti ya redio tu. Ile miaka miwili uliyosema, naihesabu.

Baba yako,
Ojera


2 Juni 1996

Baba mpendwa,

Pokea heshima zangu. Vidole vipo, vyote kumi. Goti lipake mafuta ya moto, usilidharau.

Wamalwa acheke, lakini kazi yenyewe ni hii. Bahari hupanda juu ya kinamasi hiki cha pwani mara mbili kwa siku, na ikirudi huacha tope jembamba la chumvi. Tunataka kujua kama ardhi inainuka upesi kuliko bahari, au itazama. Jibu haliji kwa mwaka mmoja, linataka miaka kumi, hata ishirini. Nashusha vijiti tisa vya chuma mpaka viguse tope, napima, naandika. Sharti ni moja: mkono uwe uleule. Kila mtu huligusa tope kwa uzito wake, na kosa dogo kama unywele linaharibu kazi ya mwaka mzima. Kwa hiyo siwezi kumwachia mtu nije Krismasi.

Kuna siku naongea na ndege, Baba. Nakukumbuka sana.

Binti yako,
Alal


Nakawa
9 Desemba 1997

Alal mwanangu,

Hujambo huko? Mimi nipo.

Miaka miwili imekwisha, na sasa unaandika wamekuongezea mitatu. Nilikuwa polisi, naelewa lindo: huondoki mpaka aje wa kukupokea. Lakini hata polisi hupewa likizo. Njoo, hata kwa wiki moja. Nataka kukuona. Sababu usiniulize.

Baba yako,
Ojera


5 Februari 1999

Baba mpendwa,

U hali gani? Safari hii jibu kweli, maana nina hofu.

Najua mwaka jana niliahidi mara mbili na sikuja. Lakini barua yako ya Krismasi nimeisoma mara nyingi. Maneno ni yako, mwandiko si wako. Wewe hukandamiza kalamu mpaka karatasi inakaribia kutoboka, na hii ni mistari laini ya mtu wa shule. Nani anakuandikia, na kwa nini?

Binti yako,
Alal


Nakawa
1 Machi 1999

Alal mwanangu,

Salamu. Anayeandika ni Vera, binti wa Wamalwa. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kulainisha.

Jicho la kushoto lilizimika mwaka jana. Ni presha ya macho, dawa zimeshindwa. Kwa la kulia naona dirisha, na mtu akisimama karibu naona uso wake. Daktari anasema halitamaliza mwaka. Sikukwambia kwa sababu ya lile sharti lako. Nilisema moyoni, nikikwambia utakuja, kazi itaharibika, na mharibifu nitakuwa mimi. Huo ulikuwa ujinga wangu, kiburi cha sajenti mstaafu.

Sasa nasema wazi. Nataka kuuona uso wako kabla giza halijaingia. Njoo.

Baba yako,
Ojera


29 Machi 1999

Baba yangu,

Nimelia mpaka nimechoka. Mwambie Vera namshukuru.

Amepatikana mwenzangu wa kunipokea. Ila lazima tupime pamoja mara tatu, yeye na mimi, ili tofauti ya mikono yetu ijulikane. Mara ya mwisho ni Septemba. Nikiondoka leo, miaka minne inakuwa makaratasi ya kufungia maandazi. Umesema jicho halitamaliza mwaka, na Septemba bado imo ndani ya mwaka. Nivumilie, Baba. Tiketi nimekata, nafika tarehe 24 Septemba.

Binti yako,
Alal


Nakawa
6 Septemba 1999

Alal mwanangu,

Vera anaandika tena. Mwili hauna neno, nakula na nalala.

Jicho la kulia lilizimika katikati ya Julai. Nilikuwa nanyoa ndevu, kioo kikaondoka, basi. Sikukuandikia mapema kwa sababu ulibakiza kipimo kimoja, na kuja mbio kusingerudisha jicho. Nilikasirika, sitakudanganya. Wiki tatu nilikasirika, hata Wamalwa nilimfukuza na chai yake. Sasa imepoa. Sitaki kilio mlangoni.

Uso wako nilio nao ni wa siku ile unaondoka, mwaka wa tisini na tano, umevaa koti la kuazima. Vera ananiuliza kama bado unafanana na picha. Nimemwambia sijui.

Adabu ya nyumba hii unaijua, mwenye nyumba humsalimu mgeni kwanza. Mara hii siwezi. Utanikuta nimekaa nje, watu wakipita, nisijue yupi ni wewe. Ukifika, anza wewe kusema.

Baba yako,
Ojera