Sheria ya Matanga Matatu

Jumatatu, 3 Juni 1996

Leo amekuja mtu wa chuo kikuu, Mwalimu Maroa. Miwani, kiatu kinang'aa — hapa Masara, kwa tope la wachimba dhahabu! Anataka kujua watu wasio na kitu wanasaidianaje bila mzungu na bila serikali. Nikamwambia amefika. Kikundi cha matanga ni hiki na mwenyekiti ni mimi, mwaka wa kumi na moja. Niliishia darasa la tatu, lakini nani amewahi kunipinga? Ukifiwa, watu wangu wanakuja. Wanaume na sururu za machimbo, wanawake na maji na kuni. Masufuria yanatoka hapa kwangu.

Akauliza, na asiyekuja kwa wenzake? Nikasema ukikosa matanga matatu, wewe si wetu.

Akauliza kama kuna mtu amewahi kufukuzwa kweli.

Hakuna. Huwa tunasamehe. Badala ya kumjibu nikamwonyesha masufuria, na akaandika kitu kifupi. Sikupenda vile alivyoandika.

Jumatano, 5 Juni

Nimepekua majina. Nimempata. Mokeira, yule Mkisii wa kibanda cha chai. Mjane, mtoto mmoja, hana kwao pa kurudi. Mawili alikosa mwaka jana. La tatu ni mwezi uliopita — alikuwa hospitali huko Migori na kale katoto kake Elvis, kanaugua kila siku. Akatuma mkungu wa ndizi.

Milka, mke wa marehemu mwanangu, anasema ndizi zilihesabiwa, watu walikula wakashukuru. Nikamwambia ndizi haibebi maji. Aende akaoshe vyombo.

Jumapili, 9 Juni

Mkutano baada ya kanisa. Maroa ameketi nyuma na daftari lake. Nimemsimamisha Mokeira mbele ya watu. Alianza kueleza mambo ya wodi, damu aliyoongezewa mtoto. Nikamkata. Kila mtu hapa ana mtoto. Jina nimelifuta kwa wino mwekundu, yeye akiona. Alipoinama nilifikiri anataka kunishika miguu — kumbe anaokota leso yake, anakwenda.

Watu walitazama miguu yao. Waoga wote.

Maroa alinishukuru sana. Ati kikundi changu kina nidhamu kuliko mashirika yenye ofisi na magari. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 13 Juni

Mokeira amepita na mtoto mgongoni. Hakunisalimia. Maringo.

Jumatatu, 17 Juni

Elvis amekufa alfajiri. Miaka mitano.

Milka alikuja mbio kutaka masufuria. Nimekataa. Nikitoa leo, kesho nani ataogopa kukosa? Na huyu mtu wa chuo bado yupo, ataandika kwamba sisi ni watu wa mchezo. Milka akasema mtoto hakuwa mwanachama, mtoto alikosa matanga gani? Mdomo umemwota siku hizi.

Maroa alikuwa kwangu anakunywa uji. Milka akamgeukia.

"Mwalimu, mwili uko kwa mkeka. Kaburi halijachimbwa. Kuja utusaidie."

Maroa akasema anasikitika, anasikitika kabisa, lakini kazi yake ni kuangalia. Akitia mkono, utafiti umeharibika. Na uji akamaliza.

Milka alitema mate chini. Ndani ya nyumba yangu.

"Basi kaeni hapo, mama," akaniambia. "Wewe na mgeni wako."

Hajarudi kulala.

Jumanne, 18 Juni

Saa nne asubuhi. Leo hakuna mwanamume aliyeshuka shimoni. Zile sururu nazisikia nyuma ya kibanda cha chai, kwa kale kashamba kake. Wamekwenda wote. Wote! Wanapikia madebe ya mafuta kama watu wasio na kikundi. Nimesimama barabarani nikawaita kwa majina, mmoja mmoja, watu ambao mama zao niliwazika mimi. Walinisikia. Walipita.

Maroa amekuja kukaa nami. Anasema kule watu ni wengi, hataki kusumbua. Ana swali — tangu nimfukuze yule mama, wanachama wameongezeka au wamepungua? Nikamwambia aandike wako vilevile. Ameandika.

Sasa Milka yuko mlangoni. Tope mpaka magotini, kichwa bila kitambaa. Hasalimii. Anaangalia sufuria kubwa, na mimi nimeigeuza nikaikalia, naandikia hapa juu yake. Nimemwambia sheria ni sheria. Bado amesimama. Nimemwambia mara ya pili. Ameweka mkono kwa sufuria, karibu na paja langu, na anangoja.

Maroa amesogeza kiti chake apate kuona vizuri.