Kucha Kwenye Jicho

5 Juni

Mke mwenzangu,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananigomea, na hiyo si habari mpya. Wewe hujambo? Huwezi kuwa mzima, maana mwenye akili timamu hapaki dawa ya meno kwenye jicho! Dawa ya meno ni ya meno. Kitunguu saumu ni cha mchuzi. Nani kakufundisha huo upuuzi?

Sikiliza. Chemsha maji, yapoe mpaka mkono uvumilie. Nawa. Chovya kitambaa safi, kamua, fumba jicho, kiweke juu ya kope. Kikipoa, chovya tena. Asubuhi, mchana, jioni. Usiiminye chokea, hicho kijipu cha kope, hata ikikuchekea. Na wanja uache mpaka upone.

Bibi yako

9 Juni

Shikamoo Bibi,

Natumaini magoti yamepoa. Kitambaa kilinisaidia, uvimbe ukaanza kulainika. Lakini usinigombeze. Tajiri wa saluni alisema hawezi kumweka mpambaji mwenye chokea mbele ya maharusi. Akanipaka wanja aifiche, kwa kijiti kilekile tunachowapakia wateja wote. Haikufichika. Basi akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akaiminya kwa kucha. Sasa jicho halifunguki, na shavu linawaka moto. Amesema nikikosa Jumamosi, nafasi yangu anampa mwingine. Nifanyeje?

Mjukuu wako

12 Juni

Wewe mtoto,

Leo salamu sina. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena.

Kucha! Jicho la mtu ni chunusi? Kijiti kimoja kwa macho ya mji mzima, halafu anashangaa chokea imetoka wapi! Na wewe ukakaa kitini kimya, kondoo wa watu. Ule mdomo unaonijibia mimi uliuacha wapi?

Ukimaliza kusoma, nenda hospitali. Leo, siyo Jumamosi. Shavu likishawaka, kitambaa changu hakina kazi tena, hapo ni daktari. Kazi utapata nyingine. Jicho halina spea.

Barua hii nampa kondakta wa basi la leo akuletee mkononi. Mimi nakuja na la kesho, na magoti yangu hayahaya. Wewe utaniona kwa jicho moja, si neno. Huyo tajiri wako atanisikia kwa masikio yote mawili.

Bibi yako