Umeme wa kamoto kangu si wa muziki

Gérard na Sarah-Grâce,

Naenda maternité, kule wanazalishia, na moto ya Tambwe, pikipiki yake ya kubeba watu. Fufu iko ndani ya sufuria, mboga ya sombe iko juu ya makaa.

Kamoto kangu ka batri, kakiti ka magurudumu kenye kananitembeza, kako kwenye baraza. Mukaunganishe na panneau ya sola jua lote la leo, mutu asikatoe. Musikamwagie maji, matope mupanguse na kitambaa kikavu. Tena kanabeba mutu mumoja, hapana mutu na gunia.

Gérard, ni wewe! Jana ulitoa chargeur ya kamoto kangu kwenye umeme ukaweka baffle yako ya muziki, na haukuirudisha. Asubuhi uchungu ulimukamata dada yako Chimène. Alipanda moto ya Tambwe, akaniambia, "Mama, unifuate, usiniache peke yangu." Nikamufuata. Katikati ya mulima kamoto kakazimika. Miguu yangu unaijua, haitembei. Nilikaa pale katikati ya njia kama muzigo, mutu mumoja akaniuliza nauza nini! Wanawake wenye walikuwa wanaenda shamba ndio walinisukuma mpaka hapa nyumbani.

Mutoto amezaliwa bila mimi. Tambwe ndiye ameniletea habari: ni mwanamuke, yeye na mama yake wazima. Lakini anasema Chimène alikuwa anauliza tu, "Mama iko wapi?" mpaka mwisho.

~~Gérard, usikanyage kule maternité.~~

Gérard, ukuje. Ni wewe mwenyewe utamujibu dada yako nilikuwa wapi.

Mama yenu